Siku Kiboko Alipoendesha Guta

— Kring'! Kring'!
— Pita!
— Nipite nimebeba nini?
— Hadithi!
— Na ikimwagika?
— Tutaiokota!

Haya, shikeni vizuri, maana njia hii ina mashimo.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa sababu lami ilikuwa imeshafika, wanyama walikuwa na mji wao, na katika mji huo alikaa Kindi. Mwili mdogo, mdomo mwepesi, mkia nusu. Kila alfajiri alikaanga maandazi, akayapakia kwenye guta lake, ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo, akayasambaza mji mzima. Kring'i-kring'i, kring'i-kring'i.

Nusu ya pili ya mkia ilibaki barabarani, chini ya gari la Kiboko. Gari lenyewe lilikuwa pana kuliko nyumba za wengi. Likipita linalia pooo! pooo! na mwenyewe ndani anapiga kelele, "Nipisheni! Barabara yangu!" Siku ile ya mkia hata hakusimama kutazama. Wengi walipokwisha kuumia, mji ukasimika nguzo fupi za zege kando ya lami, ikapatikana njia nyembamba ya baiskeli. Tangu hapo Kindi aliendesha bila kugeuza shingo kila mara. Alikuwa anaimba njiani, jamani!

Kiboko roho ikamuuma. Akaenda barazani, akapiga meza, bumu!

"Kichochoro kile kiondolewe! Mimi najibana, wao wanajinafasi! Kwani hawawezi kupanda magari kama wenzao?"

Mjadala ukawaka. Huyu anasema iondolewe, yule anasema iachwe, Fisi anasema yeye yuko pande zote mbili mradi chai iletwe. Kindi alikaa pembeni, ameshika kile kipande chake cha mkia. Aliogopa, tena sana. Kurudi kwenye ile lami? Safari hii angebakiza nini?

Mwishowe Twiga, mwenyekiti, akainamisha shingo.

"Basi. Uamuzi Jumamosi. Na desturi yetu mnaijua: mwenye shauri asipokuwa amekaa ngoma ikilia mara ya tatu, shauri lake limekufa, halifufuki."

Kiboko akacheka mpaka meno ya nyuma. Desturi hiyo aliipenda. Ndiyo iliyompatia kiwanja cha Kobe. Kobe alikuja kukidai, akawa mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani, ngoma ya tatu ikalia.

Jioni waendesha baiskeli wakajaa uani kwa Kindi, wamevimba kwa hasira. Nguchiro alitaka kwenda kutoboa matairi.

"Hapana," Kindi akasema. "Mzee amesema tupande magari. Tumtii."

"Tumtii?" Kobe akatoa kichwa chote nje. "Mwanangu, moshi wa mafuta umekupanda kichwani?"

"Tumtii, Babu. Jumamosi mtu asikanyage njia ya baiskeli. Mwenye gari atoke nalo. Asiye na gari aazime la shemeji. Asiye na shemeji apande bajaji, tena peke yake, ajinafasi."

Wakatazamana. Kisha mmoja akaanza kucheka, na wa pili, na uani kukawa hakusikilizani.

Jumamosi ikafika. Swala kwenye bajaji. Bata kwenye pikapu. Nguchiro juu ya lori la mchanga. Na mbele kabisa ya gari la Kiboko, nyuma ya usukani wa kigari cha kuazima, Babu Kobe, anaendesha kwa mwendo wake wa kawaida.

Pooo! Pooo! "Nipisheni! Barabara yangu!"

"Tumekutii, mzee!" foleni nzima ikajibu.

Ndu! Ngoma ya kwanza. Kiboko akakata usukani aingie njia ya baiskeli. Kwaruuu! Nguzo zikamchuna mlango. Atembee? Tangu anunue gari, miguu yake ilikuwa ya kushukia tu.

Ndu! Ngoma ya pili. Na hapo pembeni, kwenye njia tupu, nyeupe, Kindi amekaa juu ya guta lake anakula andazi.

"Kindi! Dada yangu!" Jana hata jina lake hakulijua. "Nipeleke barazani!"

"Nikupeleke mimi, mzee? Kwa vijiguu hivi? Tutakuta ngoma imeshaanikwa. Lakini mtu mwenye mapaja kama yako... Endesha wewe. Mimi nitakaa kwenye sanduku nishike maandazi."

Kiboko akapanda. Guta likalia nyiii! Akakanyaga pedali. Kring'i-kring'i, kring'i-kring'i! Foleni ikabaki nyuma, upepo ukampiga masikioni, na yeye, hili msimwambie mtu, akatabasamu. Nyuma yake Kindi alikaa mguu juu ya mguu, anapungia watu mkono.

Mpiga ngoma alikuwa ameshainua fimbo. Kiboko akaingia anahema, akakaa, bumu!

"Nimewahi!"

"Umewahi," Twiga akasema. "Nusu ya mji iko kwenye foleni, wewe umewahi. Umepita wapi?"

Kiboko akafumbua mdomo. Mdomo wote ule, akajifanya anapiga miayo.

Kindi akashuka sandukuni taratibu kama bibi harusi, akajipangusa unga. "Sema, mzee. Baraza linakusubiri."

"Kichochoroni," Kiboko akasema, kwa sauti ya mbu.

"Kichochoro kipi?"

"Kile... ninachotaka kiondolewe."

Baraza likaanguka kwa vicheko. Twiga mwenyewe alicheka mpaka shingo ikamsumbua. Shauri likafa palepale, mwenyewe ameketi, tena amewahi. Njia ikabaki. Kindi akarudi nyumbani anaimba, nusu mkia juu kama bendera. Babu Kobe alifika Jumapili, akakuta watu bado wanacheza.

Fundisho, watoto wangu: msiwabishie wakubwa. Wakisema neno, watiini, vilevile walivyosema, nyote kwa pamoja. Kisha kaeni pembeni mle andazi.

— Kring'! Kring'!
— Tumefika!
— Kuna iliyomwagika?
— Tumeiokota yote!