Jini Asiyefunga Fundo

Sogeeni, na anayesinzia asije akaniuliza kesho. Alikuwapo Sultani Hamduni wa mji wa Jauhari, mji uliokuwa na kila kitu na bado haushibi. Akaletewa jini ndani ya mtungi, kafungwa mafundo saba, na alipofunguliwa akaapa kumtumikia. Akaambiwa fuma. Akafuma! Mashuka elfu kabla jua halijapanda.

Basi kule juu mtoni, katika mji mdogo wa Kisutuni, kila nyumba ilikula kwa kufuma. Wanunuzi wakakoma, na vijana wakashuka Jauhari kubeba mizigo ya jini, na Makame, mchumba wa binti wa mfumaji mmoja mzee, Bi Mwanamize, akiwamo. Harusi ikaahirishwa mara ya tatu.

“Mama, Makame atarudi?”

“Arudi afanye nini? Anitazame nikipiga miayo?”

Bi Mwanamize akajitanda kanga, akatembea siku tatu mpaka kwa Sultani.

Waziri akamwambia, “Bi mkubwa, subirini. Neema hii itawafikia.”

“Lini? Mimi kizee nimefika. Hiyo neema yenu kiwete?”

Akalishika shuka la jini, akaguna. Kisutuni shuka halitoki mtamboni mpaka ncha zifungwe matamvua, nyuzi tatu tatu. Hili halina hata fundo moja, litafumuka!

Jini, aliyekuwa akifuma pembeni, akainamisha kichwa. “Bibi, fundo lilinifunga miaka elfu. Nikiligusa naungua.”

“Alaa! Na hamkumuuliza?” Bi Mwanamize akawageukia wakuu.

Sultani akafurahi. “Basi nyinyi mtafunga, nasi tutawapa chochote.”

“Chochote sitaki. Tutafunga, lakini jini afume siku tatu kwako, siku tatu kwetu. Ijumaa apumzike, maskini, hata maji hamumpi.”

“Jini ni wangu, ewe mwanamke!” Sultani akainuka kwa hasira, na joho lake alilofumiwa na jini, ambalo uzi wake ulinasa kwenye kiti, likafumuka lote, likabaki kitini. Baraza zima likatazama dari.

“Ni wako, bwana wangu,” akasema Bi Mwanamize. “Na baridi ni yako pia.”

Sultani akaridhia pale pale, kajifunika zulia.

Jini akapanda Kisutuni, Makame akarudi mbio akamwoa binti, na Kisutuni ikatajirika mpaka mbuzi wakalalia mashuka. Na mimi nasema, ajabu haina ubaya. Ubaya ni kuiweka kwenye mlango mmoja, halafu mwenye mlango wa pili kila siku anaambiwa asubiri. Asubiri mpaka lini? Haya, kalaleni.