Chumba Namba Nne Ndani ya Lwamba

Ulale juu, mlango wa kushukia u chini. Ndivyo jirani yetu alivyowaambia jana, nanyi mkacheka, kwa kuwa mlidhani anawaonea wivu. Wewe, Perpetua, umekata tiketi ya meli ya wiki ijayo pamoja na kaka yako Gaudensi, na karani amewaambia kwamba mkiongeza fedha mtahamishiwa chumba cha juu chenye dirisha na vitanda viwili. Mmekuja kuniuliza mambo mawili: kama chumba hicho kinastahili nyongeza hiyo, na usemi ule ulitoka wapi. Nitajibu la pili kwanza. Kaeni. Gaudensi, toa mkono mfukoni unapozungumza na mtu mzima.

Methali nyingi zimepotewa na wenyewe. Hii ina mwenyewe, nami naujua mwanzo wake, kwa sababu nilikuwapo, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza shule ya bweni, nikasomea ualimu, nikapangiwa kazi Kigoma. Mama yangu, Auleria, alikuwa akiishi nami. Mwezi wa sita ikaja habari kwamba kaka yake, Desideri, amefariki katika kijiji chao cha Kisambala, kusini, mwendo wa siku mbili kwa meli. Mazishi yalikuwa yamekwisha kufanyika habari ilipotufikia. Lakini tanga lilikuwa bado halijaondolewa, na siku ya kuliondoa ilikuwa imetajwa: Jumamosi, kabla ya jua la utosi.

Katika ukoo wa mama yangu kulikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa. Siku ya kuondoa tanga, dada mkubwa wa marehemu hulichukua jembe la marehemu, hulifuta udongo kwa mkono wake, kisha humkabidhi mrithi. Baada ya hapo majivu ya moto wa msiba humwagwa na watu hutawanyika. Mama ndiye aliyekuwa dada mkubwa. Hakumwona kaka yake akiugua, wala hakumwona akizikwa. Jembe lile ndilo kwaheri pekee iliyobaki, nalo alikuwa akilitaja kila siku.

Tulipanda meli iitwayo Lwamba siku ya Jumatano, saa kumi jioni, na tiketi zetu za daraja la tatu. Mama alifurahi. Karibu na mlango wa ubavuni alikutana na mwanamke wa kwao, Nyamisana, mfanyabiashara wa vyungu, ambaye alikuwa amekwisha kutandika mkeka na kuzungushia vyungu vyake kama boma.

"Dada Auleria, keti hapa," alimwambia. "Hapa pana kelele na harufu ya dagaa, lakini mlango unaouona ndio utakaotutema Kisambala."

Wakati huo karani wa meli alikuwa akipita. Aliniona nimevaa koti na tai ya shule, akasimama.

"Mwalimu, na wewe huku? Chumba namba nne juu kiko wazi. Aliyekikodi hakutokea. Ongeza tofauti ya nauli, ukalale kama mtu."

Tofauti ile ilikuwa sawa na bei ya mfuko wa sukari tuliokuwa tumepanga kuununua bandari ya mbele, tuupeleke msibani. Nilijua hivyo. Lakini nilikumbuka jambo jingine. Nilipokuwa kidato cha pili, tulisafiri katika meli hiyo hiyo kurudi shuleni. Mkuu wa shule alikuwa juu, amekaa kwenye kiti cha kamba, anakunywa chai. Wazazi wetu walikuwa chini, juu ya magunia. Siku ile niliapa kwamba nikipata mshahara, mama yangu hatasafiri juu ya gunia. Kiapo kile nilikibeba miaka minane, na sasa karani alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilimwambia mama tunahamia juu.

"Kuna nini juu?" aliuliza.

"Kitanda, mama. Dirisha. Choo kisafi. Mtu wa kutuletea chai."

"Na sukari ya msibani?"

"Tutajua mbele."

Nyamisana alinitazama tangu viatu hadi tai. "Mwalimu, unamtenga mwenzangu. Huko juu atazungumza na nani, na shuka?"

"Atapumzika," nilimjibu.

"Haya. Dada, ukichoka kupumzika, nafasi yako hii hapa. Simpi mtu."

Sitasema uongo ili kuipamba hadithi: chumba kilikuwa kizuri. Shuka zilikuwa nyeupe, maji yalitoka bombani, na chai ilikuja kwa wakati. Mama alilala usiku kucha bila kugeuka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu habari ya msiba. Asubuhi aligusa godoro akasema, "Kitanda kizuri, baba." Nililipokea neno lile kama cheti.

Kasoro ilikuwa dirisha. Chumba namba nne kilikuwa ubavu wa kulia. Meli ikielekea kusini, nchi kavu ya kwetu huwa kushoto. Tulilipia dirisha lililotuonyesha maji, na mbali kabisa milima ya Kongo. Vijiji vyote tulivyopita vilikuwa upande wa pili wa meli. Mama alilitambua hilo kabla yangu.

"Hapa sioni kwetu," alisema.

"Utakuona tukifika."

Sasa sikilizeni namna meli ile ilivyofanya kazi, maana ndipo penye jambo lenyewe. Katika vijiji vingi hapakuwa na gati. Meli ilisimama majini, ikapiga honi mara tatu, na mitumbwi ya kijiji ikaja ubavuni. Palikuwa na mlango mmoja tu, wa chini, kando ya daraja la tatu. Kwa mlango huo walishuka wote, na kwa mlango huo walipanda wote, pamoja na magunia yao ya dagaa. Meli haikusubiri. Mitumbwi ikiondoka, mlango ulifungwa.

Nyuma ya mlango wa chumba chetu palikuwa pamebandikwa tangazo: "Abiria wa daraja la kwanza wataitwa na mhudumu watakapofika. Wanaombwa wasishuke kabla ya kuitwa." Nililisoma mara mbili na nikalipenda. Nilikuwa nimelelewa kwa kengele. Shuleni kwetu, aliyeinuka mezani kabla ya kengele alifyeka majani wiki nzima, nami katika miaka sita sikufyeka hata siku moja. Hadi leo sioni haya kusema hivyo.

Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi, meli ilipunguza mwendo. Mama alikuwa tayari ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunga kanga, furushi mapajani. Honi ililia mara tatu.

"Anselmi, honi."

"Nimeisikia, mama. Tutaitwa."

"Na nani?"

"Na mhudumu. Imeandikwa hapo."

"Mhudumu huyo ni mtu wa Kisambala?"

"Si lazima awe wa Kisambala. Ni kazi yake."

Chini tulisikia vishindo na watu wakiitana. Dirishani Kongo ilikuwa pale pale.

"Baba, tushuke. Nasikia watu wanazungumza kama watu wa kwetu."

"Mama, tumelipia kuitwa. Tukikimbilia chini kabla ya wakati, tutasukumana ngazini na magunia. Nataka ushuke kwa heshima."

"Mimi nataka kushuka tu," alisema.

Hata hivyo hakuinuka. Nimelitafakari hilo kuliko mengine yote. Angeweza kuinuka peke yake. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Alibaki ameketi kwa sababu mwanawe alikuwa amesoma, na tangazo lilikuwa limeandikwa, na yeye hakujua kusoma.

Kisha tukasikia jina lake. Lilitoka chini, kwa sauti ya kupiga kelele, mara moja, halafu tena: "Auleria! Dada Auleria!" Hapo mama aliinuka, nami nikachukua sanduku.

Mhudumu hakuwapo kwenye ujia. Baadaye nilielezwa kwamba siku ile kulikuwa na shehena kubwa ya dagaa, naye aliagizwa chini kusaidia kupakia, kama alivyoagizwa kila mara. Mabaharia wote walijua kwamba tangazo lile lilikuwa la ukutani tu. Abiria wa chini walijua. Wa juu waliokuwa na uzoefu walijua, nao huteremka mapema na kusimama mlangoni na vyeo vyao vikubwa. Aliyeamini alikuwa mimi.

Ngazi ilikuwa imejaa. Magunia yalikuwa yakipanda begani mwa watu, moja nyuma ya jingine, na hapakuwa na nafasi ya kupishana. Nilisema, "Tunaomba njia, tuna msiba." Mpagazi mmoja alijibu bila kuniangalia, "Mzee, na mimi nina gunia." Tulipofika mlangoni, mtumbwi wa mwisho ulikuwa umekwenda hatua kama mia moja. Nyamisana alikuwa amesimama ndani yake katikati ya vyungu, anapunga mkono, na watu wanamvuta aketi asije akaupindua.

"Rudisheni mtumbwi," nilimwambia baharia aliyekuwa akifunga mlango.

"Injini imekwisha kuwashwa, mwalimu."

"Mimi ni abiria wa daraja la kwanza."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana umechelewa."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Tulishushwa kituo kilichofuata, mwendo wa saa mbili na nusu mbele. Upepo ulikuwa umeamka na hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kuturudisha kaskazini hadi Kisambala. Mzee mmoja aliyekuwa akiziba mtumbwi wake ufukweni alitutazama, akaona tai yangu na furushi la mama.

"Mama, Kisambala mmeipita waziwazi. Mlilala?"

Mama aliweka furushi mchangani. Huo ndio wakati neno lilipozaliwa, nami nililisikia likizaliwa.

"Tulilala juu," alimwambia. "Mwanangu alininunulia kitanda kizuri. Lakini ulale juu, mlango wa kushukia u chini."

Mzee yule alicheka, akalirudia neno kwa mwenzake, na mwenzake akalirudia kwa mwingine. Mama hakucheka. Aliuliza njia.

Tulitembea Ijumaa ile hadi giza lilipoingia, tukapewa mahali pa kulala, tukaamka kabla ya mapambazuko. Njia hupanda na kushuka milima inayoingia ziwani. Mama alivua viatu. Kila alipopumzika aliangalia jua, hakuniangalia mimi. Tulifika Kisambala Jumamosi saa kumi alasiri. Majivu yalikuwa yamekwisha kumwagwa. Tuliyaona kando ya njia, bado hayajapeperushwa. Jembe alikuwa amelikabidhi mke wa mdogo wao, mtu aliyeingia katika ukoo kwa ndoa, kwa sababu jua lilikuwa limefika utosini na hapakuwa na dada.

Mrithi alikuwa kijana mpole aitwaye Gervasi. Alilileta jembe mwenyewe, akampigia mama goti. "Shangazi, nikabidhi wewe. Lile la mchana tulihesabu kuwa la mkopo."

Mzee wa ukoo alitikisa kichwa. "Jembe halikabidhiwi mara mbili, Gervasi. Anayelipokea mara mbili humwita marehemu mara mbili."

Mama hakubishana. Aliomba alishike tu. Alilipakata, akatafuta udongo wa kufuta, na udongo haukuwapo. Lilikuwa limekwisha kufutwa. Alipitisha kiganja kwenye bapa lililokuwa safi, akalirudisha. Nyamisana alikuwa nyuma yake. Alikuwa amemwekea nafasi mkekani tangu Jumatano, na sasa akamwekea tena.

Tuliporudi Kigoma nilikata tiketi mbili za daraja la tatu. Mama aliketi kando ya mlango, furushi mapajani, safari nzima. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine, na kwa tabia yangu ingekuwa rahisi zaidi kama angenilaumu. Miaka sita baadaye, nikiwa darasani, niliwauliza wanafunzi wanitajie methali. Msichana mmoja kutoka kusini alinyoosha mkono, akasema: "Ulale juu, mlango wa kushukia u chini." Nilimuuliza ameipata wapi. Alisema ni ya wazee wa zamani. Nilimpa alama zote, nikaendelea na somo.

Hilo la pili nimelijibu. Sasa la kwanza. Perpetua, mnashukia wapi?

"Bandari ya mwisho, Babu."

Kuna gati?

"Lipo. Meli inalala hapo siku nzima."

Na anayewasubiri anawataka siku gani?

"Shangazi alisema siku yoyote ya wiki hiyo."

Basi ongezeni fedha mkalale vizuri. Chumba cha juu si dhambi, na mgongo wenu hautanishukuru mimi mkilala juu ya magunia bila sababu. Ulizeni tu kiko ubavu gani. Bei ya kitanda karani atawatajia. Bei ya kule mnakokwenda hamtatajiwa na mtu, hiyo mnapaswa kuijua wenyewe kabla ya kufungua mkoba. Siku mtakapokuwa na mtu anayewasubiri ufukweni kabla ya jua la utosi, msiniulize habari za shuka. Teremkeni mapema, mkasimame karibu na vyungu.

Ulale juu, mlango wa kushukia u chini.