Ngiri Aliyeingia Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Sauti gani hiyo? Mmekula au mmeoneshwa sufuria? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Nungunungu alipanga nyumba ya shimo kwa Mzee Muhanga. Muhanga ndiye aliyechimba mashimo yote ya kichaka kile. Alimpa mpangaji wake sharti moja: "Damu isimwagike ndani ya nyumba yangu. Anayemwaga damu anahama siku hiyohiyo." Nungunungu akakubali. Alikuwa na mimba, na masika yalikaribia. Alihitaji pakavu pa kuzalia, basi.

Siku moja Ngiri akabisha. "Hodi, dada! Nipumzishe miguu. Kesho naondoka."

"Karibu, kaka."

Ngiri akaingia. Lakini hakuingia kama wageni waingiavyo. Alitanguliza makalio, buruu, buruu, buruu, mpaka ndani. Uso na meno vikabaki vinatazama mlango.

"Kaka, mbona kinyumenyume?"

"Ndivyo tulivyolelewa kwetu, dada."

Nungunungu akamtengea mihogo. Moyoni akajiuliza: anayetazama mlango wangu, anamngoja nani?

Kesho ikaja, Ngiri yupo. Kesho kutwa, Ngiri yupo. Mnajua wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Nungunungu akaona haya. Msimcheke! Hata nyinyi mna wageni huko majumbani na hamsemi.

Alipompa jembe, mihogo ilikuwa imeshakwisha. Ngiri akalipokea vizuri sana. Akaliweka chini, akalilalia.

"Asante, dada. Aliyepewa jembe si mgeni tena. Sasa hapa ni kwangu."

Tangu hapo maneno yakawa mengi. "Dada, viazi vyako vibichi." "Dada, unanibana, kalale mlangoni." Kisha akamsogezea ubavu. "Una hasira? Nichome basi. Nichome!"

Miiba ya Nungunungu ikasimama. Chaka-chaka-chaka! Halafu akashtuka. Mbona huyu anaomba kuchomwa? Akakumbuka lile sharti la damu. Alaa! Akichoma, anahama yeye. Miiba ikalala.

Akaenda kwa mwenye nyumba. "Shikamoo, Mzee Muhanga. Mchimbue huyu, anitoke!"

"Marahaba, mwanangu. Kucha ninazo. Ruhusa sina. Aliyepewa jembe hafukuzwi kama kunguru. Tumwite Bibi Tandala, mkuu wa baraza."

Bibi Tandala akaja, akasimama mbele ya shimo. Kanga wakaja kushuhudia, maana kanga hawakosi penye maneno.

"Nilipewa jembe!" Ngiri akasema, na mlangoni hatoki.

"Umelima wapi?"

Ngiri akazidi kulilalia jembe.

"Hebu lisukume nje tulione."

Jembe likatoka. Lina kutu mdomo mzima, na buibui amejenga kwenye mpini. Kanga wakaangua kicheko, ke-ke-ke-ke!

Bibi Tandala hakucheka. "Jembe linamfanya mtu mwenyeji akililimia, si akililalia. Wewe ni mgeni, na mwenyeji wako amekuaga. Ila hata mgeni mbaya hupewa nafasi ya kufunga mzigo. Mwezi ukiandama, utoke. Usipotoka, Muhanga ana ruhusa ya kufungua nyumba yake. Kabla ya hapo, asiguswe."

Nungunungu akangoja nje ya shimo. Mawingu yakakusanyika. Tumbo likashuka. Ngiri akazidi kumwambia, "Nichome!" Nungunungu akazidi kuilaza miiba.

Mwezi ukaandama. Ngiri akakaza meno mlangoni. "Anayejiona dume aje!"

Hakuja mtu. Muhanga alizunguka nyuma ya nyumba. "Kucha ninazo," akasema. "Na ruhusa ninayo." Paru! Paru! Paru!

Ngiri anatazama mlango. Paru! Paru! Akasikia upepo makalioni. Paru! Akasikia kucha.

"Nani huyo?"

"Mwenye nyumba!"

Loo! Ngiri akachomoka mlangoni, mkia umesimama wima kama kijiti. Kanga wakampisha. Mpaka leo akikimbia husimamisha mkia, na shimo lolote huliingia kinyumenyume. Mbio akimbie, tabia ameiacha wapi?

Muhanga akaziba tundu la nyuma. Nungunungu akaingia, akanusa kila pembe, akanusa tena. Mvua ikashuka, naye akazaa pakavu, wala nyumbani mle hamkudondoka damu ya ugomvi.

Baadaye sauti ikaita nje, "Hodi, dada!"

"Karibu," Nungunungu akajibu. "Ila geuka kwanza nione utatanguliza nini."

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa: aliyekaa kwako bila haki, mtoe kwa haki. Ukimtoa kwa miiba, utakayetoka ni wewe. Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Nanyi mliokuja kusikiliza, njia ya kwenu mnaikumbuka?