Kiboko na Mafuta ya Kuita Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama nao walipokuwa wakijipaka mafuta baada ya kuoga, jua liliwaka mpaka madimbwi yote yakakauka, likabaki moja tu. Kiboko akajitumbukiza humo, chubwi! Akakataza mtu yeyote asichote. Alisema maji yale ni ya kulainisha ngozi yake, maana jioni anaoa.

Pimbi, mama mdogo kuliko paka, alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto alilia kwa kiu mpaka sauti ikamkauka. Pimbi alimwomba Kiboko kata moja tu ya maji. Kiboko akapiga chafya, akamlowesha masikio. Pimbi aliyakamua masikio yale, akamlambisha mwanawe.

Kisha akaenda kwao. Aliporudi alikuwa na vibakuli vitatu, na ndugu zake wakaja nyuma kimyakimya na mitungi, wakajificha kwenye matete.

"Shikamoo, Bwana Harusi," alisema Pimbi. "Hivi kweli unaoa bila kusingwa, bila kusuguliwa mafuta mwili mzima?"

Kiboko akafungua jicho moja. "Kwani ngozi yangu ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo shida yenyewe. Haing'ai."

Kiboko akafungua na la pili.

Pimbi akamweleza kwamba ameleta asali, ute wa mshubiri na glisirini, na vyote kazi yao ni moja, kuyaita maji yakae kwenye ngozi. Ila ni lazima ajikaushe vizuri, alale juani, ajaribu kila kimoja kwenye mguu tofauti, aone kipi kinampenda.

Kiboko akatoka mbio. Akajifuta, akapakwa, akajilaza, pwaa!

Asali iling'aa kweli, ila sisimizi wakaja harusini kabla ya wageni. Mshubiri ulimpoza, akatabasamu, halafu ukakauka, ngozi ikavutika kama ya ngoma. Glisirini nayo ilitafuta maji ya kuita, isiyaone popote, ikaanza kuyanyonya ya ngozini mwake. Akawashwa, akajikuna kwaru kwaru.

Nyuma yake, bu-bu-bu-bu.

"Mlio gani huo?" akauliza.

"Maji yanaitika," alisema Pimbi. "Si nilikwambia yanaitwa? Usigeuke, yataona aibu."

Kiboko akatulia kwa adabu zote, sisimizi wakimtekenya, mpaka mtoto wa Pimbi, aliyekwisha kunywa akashiba, akapata kwikwi. Hik!

Kiboko akageuka. Aliona mitungi inakimbia kilimani, imejaa pomoni, na dimbwi limebaki la kumfika magotini. Alinguruma, lakini Pimbi alikuwa ameshapanda jiwe refu na mwanawe.

"Sasa mimi nipake kipi?" akalia Kiboko. "Wageni wanakuja!"

"Chochote, Bwana Harusi. Vyote vinashika maji, hakuna kinachoyatengeneza. Lowa kwanza, ndipo upake."

Kiboko akaingia dimbwini, akalowa, akapaka. Akang'aa mpaka bibi harusi akafumba macho.

Basi wanangu, ukiwanyima wenzako maji, usishangae wakikuacha ukijikuna juani.