Hema la Mzee Mkumbukwa

Mafuriko yalisomba nyumba zote za bondeni, na kina mama wenye vichanga wakawa wanalala shuleni kwenye sakafu mbichi. Siku ya kuandikisha waathirika, Mzee Mkumbukwa, tajiri mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliruka foleni nzima akasimama mbele ya Bi Sijaona, karani wa kamati ya maafa.

"Niandike wa kwanza. Nataka hema na mabati. Ukikataa, ukarani huna. Mwenyekiti ni shemeji yangu."

"Nani akukatalie, mzee wangu?" alijibu Bi Sijaona kwa adabu. "Ila utaratibu unataka useme mbele ya watu wote. Nyumba yako ilisombwa?"

"Yote! Sikubakiwa hata na mlango."

"Pole sana. Na ile ya vyumba vinane pale kilimani?"

Watu wakaguna. Mzee Mkumbukwa hakupepesa hata jicho. "Si yangu. Mwenyewe simjui."

"Basi weka dole gumba hapa, chini ya maneno yako."

Akaweka, akabeba hema lake, akaondoka anachekelea.

Jioni alipopanda kilimani alikuta kufuli limekatwa, nepi zimeanikwa madirishani, na Bi Sijaona anagawa uji sebuleni.

"Mnafanya nini nyumbani kwangu?"

"Kwako?" Bi Sijaona alifungua daftari, akamwonyesha alama ya dole gumba lake. "Wiki nzima kamati imetafuta nyumba isiyo na mwenyewe ya kuwalaza hawa wazazi. Wahi ukasimamishe hema, mzee wangu. Mawingu yale yanarudi."