Masikio ya Mama Nakijwa

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, nipeni nafasi niwasimulie habari ya mtu mmoja aliyependa sauti nzuri. Jina nampa mwenyewe, nimwite Anaeli. Msianze kumtafuta ni wa ukoo gani, kwa sababu nimemtunga, na nimemtunga kwa vipande nilivyovikuta humu humu ndani mwangu na mwenu.

Anaeli alikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa milimani, huko wanakolima tangawizi. Kazi yake ilikuwa mjini, lakini Jumapili hakukosa. Alipanda mlima na gari lake, akakaa mbele kanisani. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema, maana mtu mbaya kabisa haoni haya, na habari hii ni ya mtu aliyeona haya.

Wako wanaopenda mpira, wako wanaopenda pombe. Yeye alipenda spika. Sisemi zile za kupasua masikio harusini, hapana. Mjini alikuwa na wenzake, watu wazima wenye akili zao, waliokusanya santuri za kale na amplifaya za kale zenye taa za kioo ndani yake, zinazowaka nyekundu kama makaa. Walikutana Jumamosi mchana sebuleni kwa mmoja wao. Wakiweka wimbo, hakuna anayezungumza. Wanafumba macho. Wimbo ukiisha ndipo mmoja anasema, "Umemsikia yule wa besi akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili?" Wote wanatikisa vichwa, maana wote wamemsikia.

Na katika spika zote walizozitamani, hawakuiheshimu yoyote kama spika ya honi ya zamani, ile yenye mdomo mpana kama tarumbeta la jitu. Unaipa umeme kidogo tu, nayo inakupa mwimbaji mzima mzima, amesimama mbele yako. Hazitengenezwi tena kama zile. Anayejaliwa kuzipata, wenzake humtembelea kama aliyejaliwa mtoto.

Sasa, kanisa la Anaeli lilikuwa nazo mbili. Zilitoka kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa zamani, wamisionari wakazichukua, zikapandishwa juu ya baraza ya kanisa, midomo imeelekea bondeni. Hakuna aliyejua thamani yake. Njiwa walizitagia. Lakini Anaeli alijua, na kila Jumapili alipoketi pale mbele, mahubiri yaliingia sikio hili yakatokea lile. Aliziwaza spika.

Siku moja akasimama kwenye baraza la wazee.

"Ndugu zangu," akasema, "spika zetu zimechoka. Zimejaa kinyesi cha njiwa. Tena zinapiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde. Nani anasikiliza huko? Mimi nitawanunulia mpya, za kufunga humu ndani, safi kabisa. Hizi mbovu nitawaondolea."

Je, aliiba? Niambieni ninyi. Alivunja mlango? Alikuja na panga? Walimpa kwa mikono yao. Vijana wa kwaya ndio waliopanda ngazi kuzishusha, wakazipakia garini wakizishika kama jeneza, maana ni nzito. Mpya zikafungwa, na kweli zilikuwa nzuri, hakudanganya. Waliokaa mabenchini walisikia vizuri kuliko zamani. Akina mama wakamshukuru kwa jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Jogoo yule, wapendwa, Anaeli alimla.

Mjini akazisafisha kwa kitambaa laini, akazisimamisha sebuleni. Wenzake walipozisikia, mmoja alifuta machozi.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Zilikuwa zimeachwa zioze."

"Nani anaacha vitu kama hivi vioze?"

"Watu wasiojua sauti," akajibu Anaeli, na wote wakacheka.

Ukapita muda. Mavuno ya mahindi yakaja, yakaisha. Mchungaji wa usharika akahamishwa, akaja mwingine, kijana, ambaye alizikuta spika mpya ndani na hakujua kama ziliwahi kuwepo nyingine. Siku moja baada ya ibada akamwomba Anaeli ampeleke kwa gari ng'ambo ya bonde, kwa bibi mmoja mgonjwa, ampe Meza ya Bwana. Bibi huyo tumwite Mama Nakijwa. Nyonga zilikuwa zimekufa, hatoki kitandani. Aliishi na mkaza mwana wake, ambaye Jumapili alikwenda kanisani na kumwacha peke yake.

Walimkuta chumbani kwenye giza, dirisha limefungwa.

"Mama, tukufungulie dirisha upate hewa?" akauliza mchungaji.

"La nini?" akasema bibi. "Zamani Jumapili lilikuwa halifungwi. Nilikuwa nasikia nyimbo zote nikiwa hapa hapa, nasikia na masomo. Nilikuwa nasali na wenzangu. Sasa masikio yamekufa. Jumapili sisikii kitu."

Mchungaji akadhani ni uzee. Anaeli hakudhani. Alilitazama dirisha lile, lililoelekea kanisani.

"Mchungaji, sikufichi," bibi akaendelea. "Mungu alichukua miguu yangu, nikanyamaza. Akachukua mume wangu, nikanyamaza. Lakini hiyo sauti ya Jumapili ndiyo ilikuwa imebaki, akaichukua nayo. Hapo nikanuna. Nimemnunia Mungu. Hata hiyo Meza yake naogopa kuigusa leo."

Mchungaji akamfariji, akampa. Kisha akageuka. "Mzee Anaeli, wewe ni kiongozi wetu. Weka mikono juu ya masikio ya mama, utuongoze kwa maombi."

Hapo, wapendwa, kulikuwa na neno moja tu la kusema. Mama, masikio yako ni mazima, mimi ndiye niliyeichukua sauti ile. Neno fupi. Lakini mchungaji alikuwa anamtazama, na bibi alikuwa ameshainamisha kichwa. Anaeli akaweka mikono juu ya masikio yale. Akaomba. Na aliomba vizuri! "Bwana, wewe uliyeumba sikio, mfungulie mtumishi wako." Akaomba mpaka mwisho, akasema Amina, na bibi akamwambia, "Asante, baba."

Naomba mniambie: Mungu aliyekuwa akiyasikiliza maombi hayo, mnadhani alitazama wapi?

Njiani mchungaji akamwambia, "Umeomba kwa nguvu sana, mzee." Anaeli akashika usukani, akaongeza mwendo.

Sebuleni kwake hakuweza tena kusikiliza chochote. Aliweka santuri aliyoipenda, akamsikia mwimbaji akivuta pumzi, akaizima. Na hapo likamjia wazo, na mimi nataka mlisikilize vizuri wazo hilo, kwa sababu ni letu. Alisema moyoni: nitazirudisha. Lakini kimya kimya. Bibi atasikia tena, atajua maombi yamejibiwa, Mungu atapata sifa zake, na mimi nitabaki na heshima yangu. Nani ataumia?

Basi akazirudisha. Akawaambia wazee, "Nimezikarabati. Nimeona ni vema zikae palepale juu, za ndani zibaki ndani." Wakamshukuru tena. Jumapili ile sauti ikamwagika bondeni kama zamani.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mkaza mwana wa Mama Nakijwa akasimama. Alikuwa analia kwa furaha. "Mama amenituma niseme mbele yenu. Baba mchungaji na Mzee Anaeli walimwombea masikio, na Jumapili iliyopita yamefunguka! Amesikia ibada yote, mpaka matangazo!"

Labda mtu makini angejumlisha mambo. Lakini furaha haina muda wa kujumlisha. Vigelegele vikapaa. Mchungaji akamwita Anaeli aje mbele, akamshika mkono na kuuinua juu. Watu wakaimba. Anaeli akasimama pale akitabasamu, akiomba wimbo uishe arudi kwenye benchi lake.

Wimbo ukaisha. Lakini kabla hajarudi, mama mmoja akatoka nyuma kabisa, amembeba binti yake mgongoni, mtoto mkubwa wa kutosha kutembea lakini alikuwa amembeba, kama tunavyowabeba tunaowaonea huruma. Akamteremsha mbele ya Anaeli. Akapiga magoti.

"Baba," akasema, "huyu hajawahi kusikia tangu nimzae. Hajui hata jina lake. Mwekee mikono na huyu."

Yule mtoto akamtazama Anaeli usoni, macho makubwa, anasubiri.

Anaeli akainua mikono. Ikafika nusu. Ikakataa kwenda.

Akaanza kulia. Mchungaji akadhani ni Roho, akamsogezea maiki. Na Anaeli akasema ndani ya maiki ile, "Mama, mwondoe mtoto. Mimi si mtu wa kuwekea watu mikono. Mimi ni mwizi." Akasema yote. Alivyozitamani zile spika kwenye ibada. Alivyowaambia wazee ni mbovu, akijua si mbovu. Jogoo alivyomla. Alivyocheka na wenzake kwamba watu wa kanisa lake hawajui sauti. Alivyoshika masikio mazima ya mwanamke mzee na kumwomba Mungu ayaponye, huku kilichohitaji kurudishwa kiko sebuleni kwake.

Yule mama akasimama polepole. Akambeba binti yake, akarudi nyuma. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Kanisa zima lilisikia kandambili zake zikipiga sakafu mpaka benchi la mwisho.

Sasa wapendwa, maiki ilikuwa imewashwa. Na spika zilikuwa zimerudi juu ya baraza. Kwa hiyo Anaeli alipovuka bonde alasiri ile kwenda kumwomba radhi Mama Nakijwa, hakuwa na habari mpya ya kumpelekea.

"Shikamoo, mama," akasema mlangoni.

"Marahaba. Pita. Usipaze sauti, masikio yangu ni mazima. Nimekusikia yote, na jogoo nimemsikia."

Anaeli akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama."

"Wewe nimekusamehe ulipokuwa bado unalia kwenye spika. Hilo ni jepesi, mimi ni mzee, nimesamehe wengi." Bibi akavuta kanga mabegani. "Lakini tangu mavuno mimi nimemnunia Mungu. Nimemwambia maneno ambayo hata marehemu mume wangu sikuwahi kumwambia. Nilimwita mchoyo. Nilimwambia, nitakufa sisemi nawe. Kumbe hakuwa yeye. Kumbe ni wewe. Sasa wewe mzee wa kanisa niambie, mwanangu: nimwendee Mungu na uso gani, nimwombe radhi kwa kosa lako?"

Mimi niliyeitunga habari hii nimemtafutia Anaeli jibu wiki nzima, sijalipata.

Ndugu zangu, sisi tunajihesabia kwamba hatujaiba. Ni kweli, hatukuvunja mlango. Tuliomba kwa adabu tukapewa. Tulishukuriwa, tukala na jogoo. Lakini niulize: ni nani leo, katika vijiji vyetu hivi, anamnunia Mungu kwa jambo tulilolifanya sisi?

Kuna mjane anasema Mungu amempunguzia shamba. Mungu hakugusa shamba lake. Mpaka ulisogezwa na shemeji yake, na shemeji yake anaimba sauti ya tena kwenye kwaya. Kuna msichana anasema Mungu alimnyima akili ya shule, kumbe baba yake alimkatisha masomo akachunge mbuzi, na baba yake ndiye anayepitisha kapu la sadaka. Kuna mzee analala huko juu anasema Mungu amemsahau. Mungu hajamsahau. Aliyemsahau ni mwanawe, yuko hapa, anajipepea na kitabu cha nyimbo.

Tunafanya sisi, halafu lawama anabeba Mungu. Na yeye hajitetei. Ananyamaza, ananuniwa kwa niaba yetu. Kisha sisi tunakwenda na mchungaji, tunawawekea mikono watu hao hao, tunaomba kwa sauti nzuri, na tunaambiwa, asante, baba. Hatuoni haya?

Na tukiona haya, tunafanya kama Anaeli: tunarudisha kimya kimya. Tunapeleka kilo ya sukari. Tunalipa ada ya mtoto mmoja, tunataka waseme ni muujiza. Jamani, muujiza usio na ukweli ndani yake ni wizi wa pili. Wa kwanza tulimwibia mtu. Wa pili tunamwibia Mungu.

Leo sitafunga kwa maombi. Tumeomba vya kutosha, na wengine wetu tumeomba vizuri mno. Kwaya itaimba ubeti mmoja. Wakati wanaimba, kama kuna nyumba unayoijua ambako Mungu anasingiziwa kwa ajili yako, chukua kofia yako, chukua kitambaa chako, toka, nenda ukalitaje jina lako pale. Usingoje sadaka. Usingoje baraka. Nenda.

Na mimi mwenyewe, msiponiona mlangoni nikiwapa mikono, mjue nimetangulia.