Yape Maji Njia

"Yape maji njia, yakupe usingizi."

Babu Mkame alisema hivyo akiwapita vijana waliokuwa wakizibua mtaro wa mtaa. Wakamzuia: maneno hayo yametoka wapi? Akaegemea ukuta, akawaambia kuwa methali hii ilianza hivi.

Zamani, masika yakikaribia, kila mtu mtaani hapa alipandisha ukuta wake. Maji yakikataliwa kwa huyu, yaliingia kwa yule. Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa bondeni, na ndani yake aliishi dada yake Tausi, asiyeweza kusimama. Mwaka mmoja maji yalipanda hadi kitandani. Tausi aliokolewa akiwa ameng'ang'ania nondo za dirisha.

Mwanaidi akanunua matofali naye apandishe ukuta wa ua. Lakini hakusahau kwamba siku ile maji yalianza kupungua chumbani pale tu kona ya ukuta ilipoanguka. Alisimama na tofali mkononi kwa muda mrefu. Kisha akaliweka chini, akachukua sururu. Alitoboa ukuta pande mbili, akaanza kuchimba mtaro katikati ya ua, palepale alipokusudia kujenga chumba cha kupangisha.

"Mwenzetu anayakaribisha maji kama wakwe!" majirani walicheka.

Mama Sele, jirani wa upande wa mtoni, hakucheka. Alikuja amejifunga kibwebwe.

"Wayaleta kwangu?"

"Yanakwenda mtoni, shoga. Nawe yafungulie yapite."

"Nibomoe ukuta wangu? Una wazimu!"

Tausi akaita kutoka ndani, "Mama Sele! Mwaka jana nilishika nondo. Nyumba ikianguka, nitashika nini?"

 Mama Sele akatazama lile dirisha, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo sururu. Hujui hata kuishika."

Walichimba pamoja, ua hadi ua, mpaka mtoni. Masika yakarudi. Maji yalishuka yakinguruma, yakapita uani, yakaenda zake. Mvua ilipokatika alasiri, Mama Sele alikuja mbio, miguu imejaa tope, kumtazama Tausi. Mwanaidi akampokea mlangoni, kidole mdomoni.

Tausi alikuwa akikoroma, kinywa wazi, blanketi kavu hadi shingoni.

Mama Sele alicheka huku machozi yakimtoka.

"Muone huyu," akanong'ona. "Yape maji njia, yakupe usingizi."